Uwanja wa Nyumba Kisiwani Pemba: Usafi, Miti, Maji na Mipaka ya Kanuni

Suala lenyewe

Uwanja wa nyumba kisiwani Pemba ni mahali pa kazi. Karafuu huanikwa hapo juu ya majamvi, nazi hukaushwa ziwe mbata, mpunga hupepetwa, kuku hulishwa, na jioni mgeni hutandikiwa mkeka. Uwanja huo huo ndio unaobeba miti ya mwenye nyumba, maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye mabati, karo la choo na jaa la taka. Kwa sababu hiyo kila mwenye dhamana ya afya, misitu, ardhi, maji au karafuu ana neno la kusema juu yake.

Wingi wa sauti hizo ndio unaowachanganya wananchi. Afisa wa afya anataka vichaka vifyekwe, na afisa wa misitu anataka miti ipandwe. Mwenye nyumba anaambiwa kwamba mti uliomo uwanjani mwake hawezi kuukata bila ya kibali, na pengine hata si wake. Katika vijiji vya Micheweni anahimizwa kupanda kivuli mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe ni ya taabu. Je, kanuni zipi zinamfunga mwenye nyumba, zipi ni ushauri tu, na zipi zinastahili kubadilishwa?

Kisiwa kimoja, ardhi mbili

Pemba ina eneo la takriban kilomita za mraba 1,000. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 400,000, na ile ya mwaka 2022 zaidi ya 540,000. Maana yake ni kwamba katika muda wa miaka kumi viwanja vimezidi kusogeleana. Mti uliokuwa katikati ya shamba sasa uko mpakani mwa nyumba mbili, na maji yaliyokuwa yakiishia kwenye majani sasa yanaingia mlangoni kwa jirani.

Magharibi na katikati ya kisiwa, kuanzia Mkoani kupitia Chake Chake hadi Wete, ni nchi ya vilima na mabonde yenye udongo mzito. Huku ndiko yaliko mashamba makubwa ya mikarafuu, na mabonde hulimwa mpunga. Mashariki na kaskazini mashariki, hasa Wilaya ya Micheweni katika vijiji kama Maziwang'ombe na Kiuyu, ni nchi ya maweni. Jiwe la matumbawe liko juu, udongo ni mchache na umejikusanya mashimoni tu, na mvua ikinyesha maji huzama ndani ya mwamba mara moja. Mvua za masika na vuli hufika huko pia, hivyo eneo hilo si jangwa kwa kipimo cha mvua. Hata hivyo, mmea unaopandwa juu ya jiwe hupata kiu siku chache baada ya mvua kukatika, na kwa mkulima tofauti na jangwa ni ndogo.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mjadala wote. Kwenye kilima cha Mkoani hatari kubwa ni udongo kuhama, na kwenye maweni ya Micheweni ni mche kufa kwa kiu. Kanuni moja iliyoandikwa kwa kisiwa kizima lazima itakosea upande mmoja.

Mizizi ya kisheria: ardhi ni kitu kimoja, mti ni kingine

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila ya madhara makubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na mti ukawa mali yenye thamani kuliko ardhi iliyousimamisha. Mtu aliweza kumiliki mikarafuu au minazi katika ardhi ya mwenziwe, kuirithisha, kuiuza au kuiweka wakf. Katika mirathi, ndugu waligawana miti kwa hesabu huku ardhi ikibaki bila ya kugawiwa. Desturi hiyo haijatoweka, na ndiyo inayofanya mnazi ulio mbele ya mlango wa mtu kuwa na mwenyewe anayeishi shehia nyingine.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Eka hizo zilitolewa kwa ajili ya kilimo: aliyepewa alipata haki ya kuzitumia, hakupata haki ya kuziuza. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992 iliendeleza msingi huo, kwamba ardhi ni ya umma na raia hupewa haki ya matumizi yenye masharti. Nyumba nyingi za leo zimesimama ndani ya eka hizo, zimezungukwa na miti iliyopandwa na watu wa zamani kwa lengo tofauti kabisa na la kuishi.

Juu ya msingi huo zikaja sheria nyingine. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 iliweka ukataji wa miti chini ya utaratibu wa vibali. Mkarafuu una ulinzi wake wa ziada, kwa sababu ni zao la Serikali kwa maana ya biashara: mnunuzi wa karafuu ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kuuangusha mkarafuu bila ya ruhusa ni kosa. Sheria ya Afya ya Jamii na Mazingira ya mwaka 2012 inahusika na taka, maji machafu na kero kwa majirani, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 inahusika na uharibifu mpana zaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014 nayo inayapa mabaraza uwezo wa kutunga sheria ndogo ndogo. Pemba ina mabaraza ya miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani, na halmashauri ya Micheweni.

Chini kabisa yuko sheha, kiongozi wa shehia. Yeye hatungi sheria, lakini karibu kila jambo huanzia kwake: barua ya kuomba kibali cha kukata mti, malalamiko ya karo linalovuja, mgogoro wa mpaka, mbuzi walioingia kwenye bustani ya jirani. Kwa mwananchi wa kawaida, kanuni ni kile alichoambiwa na sheha. Pale masheha wawili wanapoielewa sheria kwa namna mbili, kijiji kimoja huishi chini ya kanuni tofauti na kijiji jirani.

Msimamo wa kwanza: uwanja mweupe

Msimamo wa kwanza, na wa zamani zaidi, ni kwamba uwanja mwema ni ule uliofagiliwa kwa chelewa hadi ukabaki mchanga mtupu, bila ya nyasi wala kichaka. Wanaoutetea wana hoja tatu. Nyoka na panya hawana pa kujificha. Karafuu zinahitaji jua la siku kadhaa mfululizo ili zikauke vyema, na kivuli huzifanya zipate ukungu na kushuka daraja. Tena uwanja safi ni heshima ya mwenye nyumba mbele ya wageni.

Ipo pia hoja ya afya. Kwa miaka mingi Pemba imekuwa miongoni mwa sehemu zinazojulikana na watafiti kwa wingi wa minyoo ya tumbo, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, imefanya kazi kubwa juu ya maradhi hayo. Lava wa safura huishi kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na hufa haraka kwenye mchanga mkavu unaopigwa na jua. Uwanja mweupe, hasa anapocheza mtoto asiye na viatu, una faida ya kweli.

Udhaifu wake unaonekana kwenye vilima. Ardhi iliyofagiliwa kila siku hupoteza majani yanayoilinda, huwa ngumu juu, na mvua ya masika hushindwa kuingia ndani. Maji hukusanya kasi, huchimba mifereji, hula misingi ya nyumba na kupeleka udongo kwenye bonde la mpunga lililo chini.

Hoja ya mbu nayo hutumika kupita kiasi. Mbu wa malaria aliyezoeleka Zanzibar, Anopheles arabiensis, huzaliana kwenye madimbwi madogo yanayopata jua. Mbu wa homa ya dengi huzaliana kwenye makopo, matairi na vifuu vya nazi vilivyoshika maji, na Culex, aliyekuwa akieneza matende, hupenda karo na maji machafu. Kufyeka majani huku vifuu vikiachwa vimejaa maji ni kuhangaika na jambo lisilo chanzo cha tatizo.

Msimamo wa pili: nyumba ndani ya kijani

Msimamo wa pili unasema kila nyumba ipande. Wanaoushikilia ni maafisa wa misitu, jumuiya za mazingira na wakulima wenye uzoefu wa kilimo mseto. Mfano wao wa karibu ni kazi ya Jumuiya ya Misitu ya Pemba, inayojulikana kwa kifupi CFP, ambayo imehimiza misitu ya viungo: mikarafuu, midalasini, vanila na miti ya matunda katika kiunga kimoja. Katika kisiwa kidogo cha Kokota, magharibi ya Pemba, upandaji miti ulikwenda sambamba na uvunaji wa maji ya mvua.

Faida zake ni nyingi. Kivuli hupunguza joto la nyumba yenye bati. Mizizi hushika udongo wa kilima. Mshokishoki, mfenesi, mwembe na migomba huleta chakula na fedha ndogo ndogo karibu na jiko, ambako mwanamke anaweza kusimamia mapato yake mwenyewe. Asumini, kilua na mlangilangi huingia kwenye vikuba na harusi, na hivyo uwanja wenye maua ni sehemu ya uchumi wa kinamama. Kwa Muislamu kuna motisha ya dini pia: mafundisho ya Mtume yanahesabu mti uliopandwa, ukaliwa na mtu, ndege au mnyama, kuwa ni sadaka ya aliyeupanda.

Hasara zake ni kwamba miti mikubwa iliyo karibu na nyumba huangusha matawi juu ya mabati, huziba michirizi ya maji na huingiza mizizi kwenye karo. Mnazi ulio juu ya njia ni hatari kwa mpita njia. Kivuli kizito huondoa nafasi ya kuanika. Zaidi ya yote, mche wa mwaka wa kwanza unahitaji maji, na hapo ndipo Micheweni inapotengana na Mkoani. Kampeni inayogawa maelfu ya miche kwenye maweni bila ya mpango wa kuinywesha huhesabu miche iliyopandwa, nayo haijui mingapi iliyoishi.

Msimamo wa tatu: kibali na adhabu

Kundi la tatu linaamini kwamba bila ya nguvu ya sheria hakuna kitakachobaki. Kuni, makaa, mbao na nafasi ya kujenga ni vishawishi vikubwa, na mti unaochukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa karafuu huangushwa kwa siku moja. Kibali humlazimisha mkataji asubiri, humpa afisa nafasi ya kukagua, na humlinda mwenye mti asiyekuwepo. Katika kisiwa ambacho umiliki wa mti na wa ardhi unaweza kuwa wa watu wawili, ulinzi huo si jambo dogo. Vilevile, uchimbaji wa mchanga na kokoto uwanjani, ulioenea kwenye maweni kwa sababu ya umasikini, huacha mashimo yasiyozibika, na haudhibitiki bila ya amri.

Lakini sheria kali ina tabia ya kuzaa kinyume chake. Mtu anayejua kwamba mti atakaoupanda leo utamlazimu kuomba ruhusa kesho huona nafuu kutoupanda. Mwembe uliooza na kuelemea nyumba unaweza kuanguka huku barua ikisubiri ukaguzi. Tena gharama ya kufuata utaratibu, yaani nauli, muda na siku za kazi zilizopotea, humwelemea masikini wa kijiji cha mbali kuliko mwenye gari wa Chake Chake. Adhabu isiyotofautisha mkata msitu na anayepunguza tawi juu ya paa lake huondoa imani ya watu kwa sheria nzima.

Msimamo wa nne: mila na makubaliano ya jirani

Wa mwisho ni msimamo wa wale wanaosema mambo ya uwanja yaachiwe majirani, wazee na sheha. Msingi wake ni imara. Fiqhi ina kanuni inayojulikana kwamba mtu asidhuru wala asilipize madhara, na kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Jirani akilalamika kwamba maji ya bati yanaingia ukumbini kwake, mara nyingi mfereji huchimbwa kabla ya baraza kusikia. Suluhu ya namna hii haina gharama na haiachi chuki.

Kasoro yake hujitokeza pale wanaogombana wanapokuwa hawana nguvu sawa. Mjane anayedai mnazi wa marehemu mumewe, mpangaji, au mgeni aliyenunua kiwanja hivi karibuni, hana sauti sawa na ukoo mkubwa. Hata hati za umiliki wa miti mara nyingi hazipo: kuna kumbukumbu za wazee tu, na wazee wakiondoka ushahidi huondoka nao. Katika miji inayokua, kama Wete na Chake Chake, ambako majirani hawajuani tangu utoto, mila hupungua nguvu, na mfugaji anayeachia ng'ombe au mbuzi kuzurura hupata visingizio vingi.

Maji: kipimo ambacho kila msimamo unakisahau

Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoanzishwa mwaka 2006, hupeleka maji kwa zamu katika sehemu nyingi. Katika nyumba ambayo mwanamke au mtoto hubeba ndoo kichwani, mmea wa pambo hushindana moja kwa moja na maji ya kupikia. Miji ya nchi kame za ng'ambo imelazimika kukabili jambo hili kwa sheria. Jimbo la Nevada nchini Marekani, kwa sheria ya mwaka 2021, liliamua kuondoa nyasi za pambo zisizotumiwa na watu katika eneo la Las Vegas linalotegemea maji ya mto Colorado, lakini likaziacha nje ya marufuku hiyo nyumba za familia moja moja. Watunga sheria walianza na maeneo ya pamoja yanayotumia maji mengi bila ya faida, na nyumba za watu zikafikiwa kwa ushawishi na malipo.

Funzo hilo linaifaa Pemba. Hapa tatizo si nyasi za pambo, bali ni amri za kijani zinazotolewa bila ya kuhesabu ndoo. Mabati ya nyumba moja hukusanya maji mengi katika masika, na tangi au birika lililojengwa vizuri na kufunikwa linaweza kuvusha miche katika miezi ya kiangazi. Likiachwa wazi, tangi hilo hilo huwa kiwanda cha mbu. Maji ya kuoshea mchele na vyombo, yakielekezwa kwenye shina la mgomba badala ya kuachwa yatuame, hutatua mambo mawili kwa pamoja.

Kupima mizani

Kila msimamo una sehemu yake ya haki, na kosa liko katika kuufanya mmoja wao kuwa kanuni ya kila uwanja. Mambo yanayojadiliwa ni ya aina tatu, na kila aina inahitaji chombo chake.

Aina ya kwanza ni madhara yanayovuka mpaka wa nyumba: karo linalovuja, maji yaliyotuama, taka zinazochomwa karibu na majirani, mfereji unaobomoa njia, mti mbovu unaoelemea paa la mwingine, wanyama wanaozurura. Hapa sheria ndogo ya baraza inahitajika, iwe fupi, ibandikwe ofisini kwa sheha na itekelezwe bila ya kumpendelea mtu. Usafi unaodaiwa kwa nguvu ya sheria uishie kwenye madhara hayo.

Aina ya pili ni miti. Mkarafuu unaozaa, mti wa wakf na mti wenye mwenyewe mwingine vinastahili kibali kamili. Mti ambao mwenye nyumba ameupanda mwenyewe uwanjani, na tawi linalopunguzwa kwa usalama, vingetosha kutolewa taarifa kwa sheha, na pawe na sharti la kupanda badala yake. Daftari la shehia linaloandika miti ya mipakani na wenyewe, wakati wazee bado wako hai, lingezuia kesi nyingi kuliko adhabu yoyote.

Aina ya tatu ni sura ya uwanja: uwe mweupe au wa kijani, wa asumini au wa mchanga. Hilo ni la mwenye nyumba. Wataalamu washauri kulingana na ardhi. Kwenye vilima, nusu ya uwanja inaweza kufagiliwa kwa ajili ya kazi na watoto, na ukingo wa chini ukapandwa migomba au majani yanayoshika udongo. Kwenye maweni, miti michache yenye kuvumilia ukavu, kama mwarobaini na mkungu, ikipandwa mwanzoni mwa masika kwenye shimo lililojazwa udongo na samadi, ina faida kuliko mamia ya miche iliyoachwa ife.

Muhtasari

Mkanganyiko wa kanuni za uwanja Pemba umetokana na sababu nne: mti na ardhi vimekuwa na wenyewe tofauti kwa vizazi vingi, sheria za afya, misitu, ardhi na karafuu zilitungwa kila moja kwa lengo lake, idadi ya watu imesogeza nyumba karibu, na ardhi ya magharibi haifanani na ya mashariki. Uwanja mweupe una faida ya afya na kazi lakini hupoteza udongo. Uwanja wa kijani hulinda udongo na kuleta chakula lakini hudai maji na nafasi. Kibali hulinda mti uliopo lakini chaweza kuzuia mti ujao, na mila hupatanisha lakini haiwalindi wanyonge.

Uamuzi unaofuata kutokana na hayo ni kwamba mabaraza ya Pemba yatumie nguvu ya sheria pale tu madhara yanapomfika mwingine, yarahisishe kibali kwa aliyeupanda mti mwenyewe, yaandike umiliki wa miti, na yatangulize birika la maji kabla ya mche katika kila shehia ya maweni. Mengine yote yaachwe mikononi mwa mwenye nyumba.